Wahudumu wa Nyumba ya Mawe

Jua lilikuwa linateremka upande wa Magadi Naeku alipoburura gunia la mwisho la chumvi ya ng'ombe na kulipandisha kwenye pikapu yake. Kesho ilikuwa siku ya soko Bisil, na alitaka alfajiri imkute njiani, mzigo ukiwa tayari. Alikuwa amechoka. Viganja vilikuwa vimepasuka kwa chumvi, kucha zimekuwa nyeupe, na vumbi la Kiserian limemjaa hadi kwenye nyusi. Moyo wake ulitaka nyumbani tu, kwa mama yake, ugali na maziwa, kisha kitanda.

Simu ikalia. Ilikuwa Shiro, rafiki yake tangu shule ya upili, mwenye saluni kule Kitengela.

"Usiniambie umechoka," Shiro alisema kabla hata ya salamu. "Nimengoja hiyo meza ya Nyumba ya Mawe mwezi mzima. Leo ni bathdei yangu, bana."

"Shiro, niko na vumbi mwili mzima. Hata sijanawa."

"Kuja na hilo vumbi. Mimi nishafika, nakungoja kwa mlango."

Naeku akacheka, akajipangusa uso kwa leso, akawasha gari.

Nyumba ya Mawe ilikuwa mbele ya Kiserian, pale barabara ya Magadi inapoanza kuteremka na upepo kukupiga ubavuni. Mzungu fulani aliijenga zamani ukingoni kabisa mwa bonde. Miaka mingi ilikaa ikiwa imefungwa, popo wakiitawala, mpaka majuzi ilipofunguliwa kuwa mkahawa wa watu wa maana. Watu walitoka Nairobi kuja kula pale huku wakitazama jua likizama nyuma ya mlima Olorgesailie. Picha zake zilikuwa kwenye simu ya kila mtu. Naeku alipita lango lile kila wiki na chumvi yake. Hakuwahi kuingia.

Soja wa lango alimulika nyuma ya pikapu kwa tochi.

"Umebeba nini?"

"Chumvi ya ng'ombe."

Yule mtu akarudi nyuma. Si hatua moja. Alirudi mpaka mgongo ukagonga ukuta.

"Hiyo haiingii."

"Siuzi hapa. Nimekuja kula."

"Haiingii, madam. Wacha gari nje."

Naeku hakuwa mtu wa kusukumwa. Alikuwa amebishana na madalali wa Bisil tangu akiwa msichana, na wengi wao walikuwa wakimwona akija wanapandisha bei wenyewe. Lakini Shiro alikuwa anampungia mkono mlangoni, amevaa gauni jekundu, anameremeta. Naeku akaegesha nje, akafunga gari, akapita mbele ya soja bila kumtazama.

Ndani kulikuwa kuzuri. Hilo lazima lisemwe. Dari la mbao nyeusi, meko ya mawe yenye moto, vitambaa vyeupe mezani, mishumaa, glasi nyembamba za kuogopa kuzishika. Meza zote zilikuwa zimejaa. Wageni waliongea kwa sauti ya chini na kucheka kwa adabu. Dirishani bonde lote lilikuwa limelala, jekundu na kimya.

Wahudumu walikuwa wamevaa nguo nyeupe na glavu nyeupe.

Naeku alikuwa ameketi kitambo kabla hajatambua kilichokuwa kinamsumbua. Sakafu ilikuwa ya mbao kuukuu. Alipoingia yeye na buti zake, kila ubao ulilia. Shiro alipoenda kunawa, mbao zililia. Lakini wale wahudumu walikuwa wanapita huku na huku, wakibeba sahani nzito...

Hakuna ubao uliolia.

"Umeona vile wako smati?" Shiro alinong'ona. "Hata hawapepesi macho."

Chakula kilikuja kidogo kidogo, kwenye sahani kubwa kama mifuniko ya sufuria. Kwanza mkate mdogo wa moto. Kisha supu ya malenge, imechorwa ua la maziwa juu yake. Shiro alifumba macho kwa raha. Naeku aliionja, akaweka kijiko chini.

Haikuwa na chumvi. Si kwamba ilikuwa imepungua. Haikuwa nayo kabisa, hata chembe. Mkate nao vilevile. Naeku aliishi kwa chumvi. Ulimi wake haukuweza kudanganywa. Akamwinulia mkono mhudumu aliyekuwa karibu, msichana mwembamba mwenye shingo ndefu.

"Tafadhali, naomba chumvi."

Msichana alitazama ukutani, juu ya kichwa cha Naeku. Alipoinama kuchukua bakuli, harufu ikamfikia Naeku. Udongo. Udongo mbichi, uliochimbwa sasa hivi na kunyeshewa.

"Nimesema, naomba chumvi."

"Hapa hatutumii chumvi, mama."

Sauti ilitoka nyuma yake. Ilikuwa laini, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Naeku akageuka, akamwona mwanamke mrefu aliyevaa nguo ndefu nyeupe, lulu shingoni.

"Chumvi inaua ulimi," yule mwanamke alisema, akitabasamu. "Mimi ni Madam Celine. Nyumba hii ni yangu. Zoea kidogo, utaona utamu wenyewe wa chakula."

Akaenda zake. Naeku akabaki amekaa, supu inapoa.

Alimjua yule mwanamke.

Alikuwa amemwona mara moja tu, mwaka uliopita, katika siku mbaya kuliko zote za maisha yake. Kaka yake mdogo, Katoo, alikuwa ameandikwa kazi na kampuni ya kupikia watu kwenye sherehe. Hakumaliza hata msimu mmoja. Habari ilikuja kwamba ameugua ghafla na kufa. Kisha likaja gari jeusi na sanduku lililopigwa misumari. Mwajiri wake alikuja nalo, mwanamke aliyevaa nguo nyeupe mazishini, na kumwambia mchungaji kwamba ugonjwa ule ulikuwa wa kuambukiza, sanduku lisifunguliwe. Mama alilia aonyeshwe uso wa mwanawe. Hakuonyeshwa. Mazishi yakafanywa haraka. Yule mwanamke alisimama kando ya kaburi mpaka udongo wa mwisho, bila kulia.

"Naeku, uko sawa?" Shiro aliuliza.

"Shiro, kula polepole. Usiniulize kitu."

Sahani ya tatu ikaja. Nyama ya kondoo iliyofukizwa moshi, imekatwa vipande vyembamba. Mkono wenye glavu ukaishusha mbele ya Naeku bila mlio wowote.

Kidole kidogo kilikuwa kimepinda.

Hakikunyooka hata ndani ya glavu. Kilielekea nje, kama kidole cha kijana aliyekanyagwa na ndama akiwa mtoto, akakataa kupelekwa hospitali, dada yake akamfunga kwa kijiti na kitambaa.

Naeku akainua macho polepole.

Ilikuwa Katoo.

Uso ulikuwa wake. Kovu la kidevuni lilikuwa lake. Lakini macho yalikuwa kama ya mbuzi aliyening'inizwa buchani. Yalikuwa wazi, hayatazami kitu.

Shiro alikuwa amemwona pia. Uma ulimtoka mkononi. "Naeku... huyo si..."

"Nyamaza."

"Lakini tulim..."

"Nyamaza, Shiro!" Kisha, kwa sauti iliyokuwa pumzi tu: "Katoo."

Hakugeuka. Alishaanza kuondoka. Naeku akamdaka mkono, akaivuta ile glavu ikatoka. Ngozi ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Akakishika kiganja chake kwa mikono yake miwili, akakisugua kama mtu anayejaribu kuwasha moto.

"Katoo. Ni mimi. Ni Naeku."

Akasimama. Akautazama mkono wake kwa muda, kana kwamba hakuwa anajua ana mkono. Kisha akauinua taratibu... akauweka mdomoni... akalamba.

Koo likapanda na kushuka.

Akalamba tena, kwa uchu, kila kidole. Na Naeku akaelewa. Hakuwa amenawa. Chumvi ya kutwa nzima ilikuwa bado kwenye viganja vyake.

Katoo akapepesa macho. Machozi yakajaa ndani yake. Midomo ikatetemeka, ikatafuta neno mahali pa mbali sana.

"Na... Naeku."

Kila mhudumu ndani ya chumba kile aligeuza kichwa. Wote. Kwa pamoja.

Wageni hawakuona kitu. Waliendelea kula. Mtu mmoja karibu na meko alicheka kwa adabu, akajipangusa midomo.

Madam Celine alikuja bila haraka. Akaweka mkono kwenye bega la Katoo, na macho yake yakaanza kuzima tena.

"Mama, umegusa kitu kisicho chako."

"Huyu ni ndugu yangu."

"Ndugu yako ulimzika. Nilikuwepo." Akainama mpaka lulu zake zikagusa meza, akanong'ona. "Ama ulizika nini? Uliangalia?"

Naeku aliogopa. Lakini hofu hiyo ikakutana na kitu kingine, kikali zaidi, kilichokuwa kimekaa moyoni mwake mwaka mzima tangu mama yake alipovutwa kutoka kwenye lile sanduku. Akasimama. Kiti kikaanguka nyuma yake.

"Toa mkono kwake."

"Keti umalize chakula. Ukiondoka naye nafasi yake itabaki wazi, na mimi siachi nafasi wazi. Nitaijaza na mtu wa kwenu."

"Jaza na mimi basi, kama unaweza." Naeku akaubandika mkono wake wenye chumvi juu ya ule mkono laini uliokuwa begani mwa Katoo.

Madam Celine akauvuta haraka kama aliyeungua. Kwa mara ya kwanza tabasamu lilimtoka.

"Shiro," Naeku akasema, "mshike ule mkono mwingine. Tunaenda nyumbani."

Shiro alikuwa analia, wanja umemtiririka mashavuni, lakini alishika. Wakaanza kutembea. Mbao zililia chini yao, kisha zikalia chini ya Katoo pia, ubao mmoja, halafu mwingine, na Naeku hakuwahi kusikia sauti tamu kama ile.

Mlangoni wahudumu walikuwa wamejipanga.

Hawakuzuia. Walisimama tu na mikono mbele, kama watoto wanaongojea kugawiwa. Yule msichana mwenye shingo ndefu alikuwa wa kwanza. Pua yake ilikuwa inanusa. Naeku alimtazama, akakumbuka kwamba huyu naye alikuwa na mama mahali fulani. Akampangusa mdomo kwa kidole gumba.

"Usiwaguse!" Madam Celine alipiga kelele, sauti ikavunjika katikati, na ndani ya sauti ile kulikuwa na sauti nyingine, ya mtu mzee sana.

Hilo ndilo lililompa Naeku jibu: kilichoogopwa pale kilikuwa chumvi.

Wakapita katikati ya wale watu baridi, wakatoka, wakashuka njia ya changarawe. Nje mwanga ulikuwa haujaisha; mbingu juu ya bonde bado ilikuwa na rangi ya kaa la moto. Nyuma yao hapakuwa na kishindo chochote. Naeku alipogeuka, aliwaona wote wanakuja, nguo nyeupe kwenye mwanga hafifu, kimya kimya.

Soja alikuwa amekimbia. Lango lilikuwa wazi.

Naeku aliruka nyuma ya pikapu, akapasua gunia kwa ufunguo wa gari. Akampa Katoo bonge kubwa. Katoo akalila kama ndama, akiguguna na kulia kwa wakati mmoja. Kisha Naeku akachota kwa mikono yote miwili, akarusha ndani ya lango. Akachota tena. Akarusha. Wahudumu wakapiga magoti kwenye nyasi, wakaokota.

"Kuleni!" alipiga kelele. "Kuleni mwende kwenu!"

Kwa muda hakukuwa na kitu ila sauti ya kutafuna. Halafu mtu mmoja akaanza kulia kama mtoto mchanga. Mwingine akasimama, akaita mama yake kwa Kikamba, akatimua mbio kuelekea barabarani. Yule msichana mwembamba alikuwa amekaa chini anajitazama mikono, anauliza, "Hapa ni wapi? Hapa ni wapi?"

Kule barazani wageni walikuwa wamesimama na glasi zao, wanafurahia machweo. Katikati yao, Madam Celine. Hakuwa anapiga kelele tena. Alikuwa anamtazama Naeku, kichwa amekiinamisha kidogo upande, kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kununua.

Wakamsukuma msichana ndani ya gari pamoja na Katoo, wakaondoka.

Mama yake Naeku alikuwa uani anafunga mbuzi. Aliona mwanga wa gari, akaona anayeshuka. Hakupiga mayowe. Alienda moja kwa moja, akamshika Katoo mashavu, akamwinamisha kichwa kama anavyoinamishwa mtoto kusalimiwa, akaweka kiganja chake juu ya utosi.

"Enkai, Mungu wangu," alisema. "Niliwaambia wanionyeshe uso. Niliwaambia."

Watu huuliza ilikuwaje baadaye. Yule msichana, ambaye jina lake lilikuwa Valerie, alikumbuka kwao ni Matasia, na Shiro akampeleka. Baba yake alizimia mlangoni. Naeku alienda polisi, na afisa akamtazama Katoo, akatazama cheti cha kifo, akasema hawezi kuandika ripoti ya marehemu. Alirudi Nyumba ya Mawe mchana na chifu. Madam Celine aliwakaribisha chai. Wahudumu walikuwa wapya, wachangamfu, wenye vitambulisho. Chifu alikula keki, akaomba msamaha kwa usumbufu.

Kaburi walilifukua. Mchungaji alikataa kuja, kwa hivyo mama yake Naeku alisimama pale juu mwenyewe na Biblia yake. Ndani ya sanduku kulikuwa na mawe, na juu ya mawe kitambaa cheupe cha mezani kilichokunjwa vizuri. Hakikuwa kimeoza. Kilikuwa na harufu ya sabuni, kama kilichopigwa pasi asubuhi hiyo.

Madam Celine alikuwa anafanya nini na watu wale? Kwa nini wageni hawakuona? Katoo hakuweza kusema. Alikumbuka kikombe cha chai siku ya kwanza ya kazi, kisha usingizi, kisha mkono wenye chumvi. Alianza kunenepa. Alirudi kuchunga. Alicheka, mara moja moja.

Lakini kila jua linapozama, Katoo huacha alichokuwa anafanya. Hunawa mikono. Hutundika kitambaa kwenye mkono wa kushoto, akasimama nyuma ya kiti, wima, macho ukutani. Anangoja.

Na kila jioni Naeku humtoa kitambaa mkononi.

"Keti, Katoo. Hapa wewe unakula."

Wakati mwingine inachukua muda. Naeku hana haraka. Humshika bega mpaka magoti yake yakubali.

Wiki iliyopita simu ililia wakati huohuo wa magharibi. Namba haikuonekana.

"Mama," ile sauti laini ilisema. "Nafasi bado iko wazi."

Mama yake Naeku aliacha kusonga ugali. Katoo alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, kitambaa mkononi.

Mwaka uliopita Naeku angekata simu, akafunga mlango kwa komeo. Sasa alimjibu polepole, ili kila neno lifike.

"Unajua kwetu. Ulikuja na sanduku, njia hujaisahau. Kuja uchukue mwenyewe."

Akaweka simu mezani. Akatoka uani, akalifungua lango mpaka mwisho, akaliegemeza jiwe lisijifunge. Akarudi ndani, akampakulia Katoo ugali, na maziwa, na kipande cha nyama, akamketisha.

Hawakuwa wamekula sana mbwa waliponyamaza. Si kubweka. Kunyamaza, wote, kwa pamoja. Kisha kikasikika kishindo cha gari likija taratibu kwenye changarawe. Likasimama langoni. Injini ikazimwa.

Hakuna mlango uliofunguliwa.

Harufu ya udongo mbichi ikaingia kupitia dirishani. Kijiko cha Katoo kikasimama hewani, na macho yake yakaanza kuelekea ukutani.

Naeku hakuinuka. Hata hakugeuza shingo. Alimega ugali, akauweka kwenye sahani ya ndugu yake.

"Kula," akamwambia. "Acha angoje."